Muziki wa Kila Ijumaa: Tuutunze au Tuuache?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Bariadi)



Barua ya Katibu ilinitaka niseme juu ya mapumziko ya mtumishi wa serikali. Jambo hilo ni pana, na mtu akitaka kulikumbatia lote mikono haikutani. Kwa hiyo nimeomba ruhusa nilipunguze, niseme juu ya kitu kimoja ambacho wengi wetu twakijua, nacho ni ule usiku wa muziki unaopigwa kila Ijumaa katika baa moja ya mji wetu. Muziki wa magitaa na ngoma zinazopigwa kwa mikono ya watu waliopo mbele ya macho yetu. Mwaka wa pili sasa nimepewa kazi ya kuusimamia: kupanga zamu za wapigaji, kuwajulisha kwa wasikilizaji, kuangalia saa, na kuandika daftari la mlangoni. Kwa kazi hiyo silipwi. Nasema hayo mapema ili mjue ya kuwa sisemi kwa ajili ya tumbo langu.

Sababu ya kusema leo ni hii. Mwenye baa ametuarifu, kwa adabu na bila ugomvi, ya kuwa msimu wa pamba ukiisha ataufunga usiku huo, maana kuanzia Oktoba hata Aprili hasara yamwangukia yeye peke yake. Mahali pa wapigaji ataweka kijana mmoja na mashine yake. Basi swali lililo mbele yetu si kama muziki ni mtamu. Utamu wake twaujua. Swali ni kama twataka uendelee, na kama twataka, tuko tayari kufanya nini.

Kwanza, yafaa tujue ya kuwa watu wa kalamu na muziki wamefuatana tangu zamani katika nchi hii. Baada ya vita ya 1914 hata 1918, ngoma ya beni ilienea katika miji ya Tanganyika, na vyama vyake viwili vikubwa, Marini na Arinoti, vilikuwa na wakuu wao, vyeo vyao, sare zao na mashindano yao. Miongoni mwa wachezaji walikuwamo makarani, matarishi na askari waliorudi vitani. Mwaka 1922, kule Tanga, watumishi Waafrika wa serikali waliunda chama chao, na Martin Kayamba akawa kiongozi wao; ndani yake walikaa pamoja Waislamu na Wakristo, na watu wa makabila mbalimbali. Mtu aliyehamishwa kutoka kwao akapelekwa boma la mbali alihitaji mahali pa kukaa na wenziwe jioni. Haja hiyo haikwisha. Tazameni humu ukumbini: wangapi wetu walizaliwa Bariadi? Wengine wametoka Mbeya, wengine Kigoma, wengine Pwani. Barua ya uhamisho yatufikisha mjini, lakini haitutafutii rafiki.

Baada ya beni ikaja dansi. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932, Morogoro Jazz mwaka 1944, na Cuban Marimba ya Salum Abdallah, ya Morogoro hiyo hiyo, mwaka 1948. Kisha mwaka 1964 chama cha wafanyakazi wa nchi nzima, NUTA, kilinunua vyombo na kuajiri wapigaji kwa mshahara, ndiyo NUTA Jazz. Chama kilipogeuka kuwa JUWATA bendi nayo iligeuka jina. Kilipokuwa OTTU ikageuka tena. Na mwisho watu wakaijua kwa jina la Msondo Ngoma. Kwa hiyo atakayesema ya kuwa chama cha wafanyakazi hakihusiki na muziki, na akumbuke ya kuwa moja ya bendi zilizopendwa kuliko zote katika Tanzania ilizaliwa nyumbani mwa chama cha wafanyakazi.

Lakini katika habari hizo limo onyo pia. Mwaka 1978 ilianzishwa Mlimani Park Orchestra, chini ya shirika la usafiri na teksi, na baadhi ya wapigaji hodari wa wakati ule walihamia huko, mmoja wao mwimbaji Muhiddin Maalim Gurumo aliyekuwa NUTA tangu mwanzo. Mwaka 1983 bendi ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Mwaka 1985 Gurumo na wenzake kadhaa wakahama tena, wakaenda Orchestra Safari Sound. Msidhani ya kuwa watu hawa walikuwa na tabia ya kutangatanga. Vyombo havikuwa vyao. Vilikuwa vya shirika au vya tajiri. Redio ya taifa ilirekodi nyimbo zao na nchi nzima ikaziimba, walakini hapakuwa na kiwanda cha sahani hapa nchini cha kuwaletea fedha. Riziki yao ilikuwa ukumbi wa jioni na mshahara wa mwenye vyombo. Aliyetoa maslahi bora kidogo aliwapata. Basi tukijenga usiku wa muziki juu ya wema wa mtu mmoja tu, tujue ya kuwa siku akichoka, vyote vyaondoka pamoja naye.

Pili, niseme juu ya hapa kwetu, maana wako wanaodhani ya kuwa kuandaa muziki kwa zamu maalum ni desturi ya Dar es Salaam iliyoletwa Usukumani kwa basi. Sivyo. Usukuma ulikuwa na desturi hiyo kabla ya baa ya kwanza kujengwa. Wenyeji humu ndani wanawajua Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma ambavyo asili yao yahesabiwa kwa waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Mavuno yakisha kuingia ghalani, vyama hivyo hushindana. Vyote viwili hucheza katika uwanja mmoja, kwa saa ile ile, kila kimoja upande wake, na watu wana hiari ya kusimama watakapo. Waamuzi ni miguu ya watazamaji: chama kitakachowavuta wengi, hicho ndicho kilichoshinda. Kule Bujora, karibu na Kisesa, Padre David Clement aliyafungulia mashindano hayo mlango wa kanisa katika miaka ya 1950, na sikukuu ya Bulabo yaendelea kufanywa mwezi wa Juni, pamoja na bugobogobo, ngoma ya majembe.

Nataka mlitazame jambo hili kwa makini, kwa sababu lina mafundisho. Ngoma ile ina siku yake, na watu huijua bila kutangaziwa. Ina uwanja wake. Ina kiongozi, manju, ambaye Wasukuma humwita ningi, atungaye nyimbo mpya kila msimu, kwa kuwa mwenye wimbo wa mwaka jana huachwa na watu. Na ina ushindani wa wazi, usio na hila mbele ya macho ya watu. Usiku wa muziki wa mjini ukikosa mambo hayo manne, yaani siku, mahali, kiongozi na wimbo mpya, hautadumu hata ukiwashiwa taa elfu.

Nilijifunza hayo kwa mzee mmoja kutoka upande wa Itilima, apigaye zeze. Alikuja Ijumaa moja akakaa karibu na mlango, akasikiliza bendi toka mwanzo hata mwisho bila kunywa ila soda. Walipokwisha akaniita akasema, "Mwanangu, vijana hawa wanapiga vizuri, lakini hawajatutaja."

Nikamwuliza, "Babu, hawajamtaja nani?"

Akajibu, "Sisi tulioketi hapa. Wametaja Kinondoni mara tatu. Mimi Kinondoni sijafika."

Ijumaa iliyofuata tulimpa robo saa kabla ya bendi. Aliimba kwa Kisukuma habari za mizani ya pamba na mkulima anayeitazama sindano yake kwa jicho moja. Wauguzi waliacha chakula, waendesha pikipiki waliokuwa nje waliingia ndani, na wakulima waliokuja mjini kwa malipo yao walisimama wakamtunza noti mkononi na kwenye kofia. Tangu siku hiyo robo saa ya kwanza ni ya zeze, ndono, au waimbaji wa wigashe. Na vijana wa bendi, kwa kuona wivu ulio mwema, wametunga nyimbo zao wenyewe zenye majina ya mahali petu: Nyakabindi, Lamadi, Maswa. Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Mimi naongeza ya kuwa asiyetunzwa kwao atakwenda kucheza kwingine. Usiku huu ukifungwa, magitaa yatakwenda Mwanza, na huko watapata pa kupigia. Lakini zeze la yule mzee halitakwenda Mwanza. Litarudi Itilima likatundikwe ukutani, na kijana wa bendi aliyeanza kujifunza kwake atakatika njiani. Hiyo ndiyo hasara ambayo haimo katika daftari la mwenye baa.

Tatu, tuje kwenye hesabu, maana sisi ni makarani, na twajua ya kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.

Mkoa wetu wa Simiyu, uliokatwa kutoka Shinyanga na Mwanza mwaka 2012, una watu zaidi ya milioni mbili kwa sensa ya 2022, na wengi wao wanategemea jembe. Pamba hupandwa kuanzia Novemba, na ununuzi wake hufunguliwa yapata Mei. Hapo mji hujaa. Mkulima akilipwa na chama chake cha ushirika hununua bati, ng'ombe, daftari za watoto, na baki lake dogo hufika mpaka kwa mpiga gitaa. Kuanzia Oktoba fedha hizo zimekwisha. Mkulima ananunua mbegu, naye hana haja ya dansi. Wakati huo wenye fedha ya kila mwezi katika mji huu ni sisi, watumishi. Kwa hiyo usiku wa Ijumaa una matajiri wawili: pamba kwa miezi mitano, na mshahara kwa miezi saba. Tajiri wa kwanza ametimiza wajibu wake. Tajiri wa pili ndiye anayesemwa leo.

Nitatoa hesabu ya mfano, kwa tarakimu nyepesi, ili kila mtu aifuate. Desturi ya kumbi nyingi ni kwamba fedha ya mlangoni ni ya bendi, na fedha ya vinywaji na nyama ni ya mwenye baa. Tuseme wapigaji ni sita, kiingilio ni shilingi 3,000, na gharama ya jenereta na kukodi vyombo ni shilingi 60,000 kwa usiku mmoja. Katika msimu wa pamba wakiingia watu 120, mlango waleta shilingi 360,000. Toa gharama, zabaki 300,000. Kila mpigaji hupata 50,000. Hiyo ni riziki ya heshima. Mwezi wa Januari wakiingia watu 30, mlango waleta 90,000. Toa gharama, zabaki 30,000. Kila mpigaji hupata 5,000. Mtu aliyepiga besi saa nne hupewa shilingi 5,000, apande pikipiki usiku, afike nyumbani, mkewe amwulize umeleta nini! Siwezi kumlaumu akiuza gitaa.

Tukitaka kila mpigaji asipate chini ya shilingi 20,000 hata katika miezi mikavu, zahitajiwa 120,000 kwa usiku mmoja, na mlango umekwisha kutoa 30,000. Upungufu ni 90,000. Shauri langu ni kuugawa mzigo huo katika mafungu matatu yaliyo sawa, shilingi 30,000 kila fungu. Fungu la kwanza litoke kwa wapigaji wenyewe, kwa akiba ya msimu. Toka Mei hata Septemba zimo Ijumaa 22 hivi; wakiweka 45,000 kila usiku, akiba yafika 990,000, na kila mpigaji bado amechukua 42,500. Toka Oktoba hata Aprili zimo Ijumaa 30 hivi, yaani fungu lao ni 900,000, na zabaki 90,000 za nyuzi na matengenezo. Fungu la pili litoke kwa mwenye baa, maana hata usiku wa watu 30 wapo wanaokula na kunywa kwake. Fungu la tatu, nalo ni 900,000 kwa miezi saba, litoke kwetu. Tukipatikana watu 60, kila mmoja atatoa 15,000 kwa miezi yote saba. Gawanyeni: haifiki shilingi 2,200 kwa mwezi. Ni chini ya kiingilio cha usiku mmoja. Haba na haba hujaza kibaba.

Mwenye baa nimemwuliza kama atakubali fungu lake. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mkiandika, nitatia sahihi. Mkisema tu, sitaki." Sikuona ubaya katika neno hilo. Ni neno la mtu aliyekwisha kuahidiwa mara nyingi.

Nne, yako maneno ya wanaopinga, nayo ni ya watu wenye busara. Yafaa yajibiwe moja moja.

Huenda mtu akasema ya kuwa muziki wa baa ni mlango wa ulevi, na ya kuwa mtumishi wa serikali hana heshima akionekana huko. Najibu kwamba ulevi upo hata mahali pasipo muziki, na aghalabu hapo ndipo ulipo mkubwa zaidi, kwa kuwa mtu hana cha kutazama ila chupa yake. Walakini sikatai ya kuwa maadili ya utumishi hayaishi saa tisa na nusu. Karani anayeanguka barabarani Ijumaa huonekana ameanguka na ofisi yake. Dawa ni kanuni. Meza za chai, soda na chakula ziwe nyingi na ziwe mbele, asiyekunywa asikae kama mgeni. Na mwanachama atakayeleta fujo aondolewe jina lake katika orodha yetu, awe mkubwa au mdogo.

Huenda mwingine akasema juu ya nyumba yake: mshahara ni mdogo, ada za shule zinangoja. Neno hili ni zito, wala sitalicheza. Asiye na nafasi asitoe, wala asione haya. Lakini wengi wetu fedha hiyo twaitoa hata sasa, kidogo kidogo, pasipo kuiona, na haimfikii mpigaji hata senti. Nazungumza juu ya kuielekeza tu. Tena usiku uliopangwa vizuri huanza saa moja na nusu ukaisha mapema, hata mtu akaweza kuja na mkewe, au mke na mumewe, wakarudi pamoja. Usiku usio na mpango ndio unaomrudisha mtu nyumbani alfajiri.

Wanachama wetu wanawake wameniambia jambo jingine, nalo nalisema kama walivyonipa. Wanapenda muziki, lakini hawapendi kushikwa mkono na mtu asiyewajua, wala kutembea gizani kwenda njia kuu. Kwa hiyo taa ya nje na mlinzi mwenye kuaminika visihesabiwe kuwa anasa. Viandikwe katika mapatano kama kiingilio kilivyoandikwa. Mahali ambapo mwanamke hawezi kukaa kwa amani si mahali pa chama chetu.

Yako pia malalamiko ya majirani. Kelele za usiku si jambo dogo. Tangu mwaka 2015 zimewekewa kanuni za viwango chini ya sheria ya mazingira, na Baraza la Mazingira, NEMC, lina nguvu ya kuchukua hatua. Mgonjwa anayelala ng'ambo ya ukuta hana furaha na solo letu. Spika zielekezwe ndani ya uwanja wala zisitazame barabara, na saa ya kufunga iliyo katika leseni ya vileo iheshimiwe kwa dakika. Ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka. Kwa bahati njema muziki wa watu wenyewe hauhitaji kishindo kile cha mashine. Ukipigwa kwa sauti ya kadiri, maneno ya mwimbaji husikika, na mtu aweza kuzungumza na mwenziwe.

Tano, nieleze kwa ufupi kanuni ambazo kwa maoni yangu zatosha kuulinda usiku huu, ili Kamati izipime.

Siku isibadilishwe. Ijumaa ibaki Ijumaa, mvua inyeshe au jua liwake, na hata wakiwa watu kumi, wapigwe watu kumi hao kana kwamba ni mia. Usiku ukiahirishwa mara mbili, mara ya tatu watu hawaji kuuliza.

Mapatano yaandikwe. Katika baa moja ambayo sitaitaja, nilimwona mpiga gitaa akilipwa chupa mbili badala ya fedha, na hakuwa na karatasi ya kumshitaki mtu. Karatasi moja yatosha: mlango ni wa nani, gharama ni ya nani, nani huandika, na malipo hutolewa saa ngapi. Malipo yatolewe usiku ule ule, mbele ya watu wawili, kila mmoja atie sahihi.

Vibali vichukuliwe kwa njia ya halali. Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, liliundwa kwa sheria ya mwaka 1984, na Afisa Utamaduni wa hapa mjini ndiye mlango wetu wa kulifikia. Wapigaji wetu na waandikishwe. Tena nyimbo za watu wengine zina wenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 yataka anayezipiga hadharani kwa biashara awe na ruhusa, na ofisi ya COSOTA ndiyo inayosimamia hakimiliki. Twaweza kununa, lakini tukumbuke ya kuwa vijana wetu sasa wana nyimbo zao wenyewe. Haki tunayoitoa leo kwa mtunzi wa mbali ndiyo haki watakayoidai wao kesho, wimbo wao ukipigwa Dodoma.

Robo saa ya kwanza iwe ya muziki wa wenyeji, tena kwa malipo. Asialikwe mzee kwa soda na makofi. Na mara moja kwa mwezi nafasi ipewe mwanafunzi mpya, apige nyimbo mbili tu, hata akikosea. Manju hakuzaliwa manju.

Mwisho, msimamizi abadilishwe. Mimi nimekaa mwaka wa pili, na barua ya uhamisho yaweza kunifikia Jumatatu. Kazi iliyo katika kichwa cha mtu mmoja huondoka na sanduku lake. Naomba Kamati ichague watu watatu, mmoja wao awe mwenyeji wa Bariadi asiyehamishika, wajifunze daftari hilo toka sasa, wakati pamba ingali mizani.

Bwana Mwenyekiti, ombi langu kwa mkutano ni moja, nalo laweza kupigiwa kura leo: Chama kikubali kuchukua fungu la tatu la gharama kwa miezi saba, Oktoba hata Aprili, kwa majaribio ya mwaka mmoja, na hesabu zisomwe hapa kila mwezi. Mwaka ukiisha na mlango ukiwa bado hauna watu, tuufunge wenyewe kwa mkono wetu, tukiwa tumelipa kila mtu haki yake. Wagika na Wagalu walikubali siku zote hukumu ya miguu ya watu, na sisi tuikubali. Lakini usiku usifungwe kwa sababu waliokuwa na shilingi 2,200 kwa mwezi walidhani kwamba yuko mwingine atakayetoa.

Wako watakaosema kwamba ziko kazi kubwa zaidi mbele ya chama: mikopo, nyumba, masomo ya vijana. Ni kweli, na kazi hizo tusiziache. Ila jambo moja nimeliona katika kuandika majina mlangoni kwa muda huu wote. Mwalimu wa sekondari na karani wa mahakama, ambao ofisini husalimiana kwa barua, hapo hukaa meza moja. Mkulima aliyengoja siku nzima dirishani petu hutuona hapo kama watu, nasi twamwona yeye, na Jumatatu akirudi dirishani twajua jina lake. Faida hiyo siwezi kuitia katika safu ya mapato. Naiacha kwenu mwipime.

Maneno yangu yamekwisha. Daftari nimelileta, liko mezani kwa Katibu. Kila mwanachama ana ruhusa ya kulikagua kabla ya kura.